Ovataimu sijawahi kuiona

Shikamoo anti, nipo Tanga, ofisi ya wakala wa forodha karibu na bandari, ikifika saa kumi na moja bosi anatua mafaili mezani, natoka saa tatu usiku, hela ya bodaboda yangu mwenyewe, nikiuliza ovataimu naambiwa wanaotaka kazi wapo wengi nje. Nifanyeje?

Marahaba mwanangu. Pole, hiyo ya "wapo wengi nje" tumeisikia wote! Sheria ya kazi ya 2004 inasema masaa ya kawaida mwisho 45 kwa wiki, ovataimu ni kwa makubaliano na inalipwa mara moja na nusu ya malipo ya saa ya kawaida. Ila soma mkataba kwanza, kama we ndo unasimamia wenzio kwa niaba ya bosi hayo huenda hayakuhusu. Chukua daftari, andika kila siku umetoka saa ngapi, halafu muombe kwa imeili, sio kwenye korido.