Lisansi ya falsafa inatosha kuanzia falsafa ya dini?

Ndugu, umeuliza kama mwenye lisansi ya falsafa hapa Lubumbashi lazima kwanza asome teolojia ndipo awe mwanafalsafa wa dini. Hapana. Teolojia huanzia kwenye ufunuo. Falsafa ya dini hupima kama hoja inasimama hata mbele ya asiyeamini.

Masomo ni lisansi miaka 3 (krediti 180), masta miaka 2 (krediti 120), kisha doktora. Kazini unaanza asistanti, unapanda shefu de travo (chef de travaux, cheo cha juu ya asistanti), na bila doktora huvuki hapo.

Wengi hukwama kwenye mada ya tezi (andiko la utafiti la doktora), na inauma kuona. "Mungu katika fikra za Waafrika" haina mwisho: miaka inapita, promota (profesa anayekusimamia) hajui akusahihishe wapi. Chukua hoja moja, tuseme swali la uovu (kwa nini uovu upo kama Mungu mwema yupo), mwandishi mmoja, na pingamizi mbili tatu unazoweza kuziandika kila moja kwa sentensi moja. Placide Tempels, mmisionari Mbelgiji aliyeandika juu ya falsafa ya Kibantu, mguse ukitaka, kitabu chake kilitoka mji huu huu mwaka 1945, ila asikumezee tezi nzima.

Mtazame Richard Swinburne, mwanafalsafa wa dini Mwingereza: alifundisha vyuo vikuu vya Hull tangu 1963, Keele tangu 1972, na Oxford 1985 hadi 2002. Vitabu vitatu vilivyomjengea jina vilitoka 1977, 1979 na 1981, kabla hajawa profesa Oxford. Katika kile cha 1979 anapima kuwapo kwa Mungu kwa hesabu ya uwezekano, kwa hiyo logiki usiikimbie. Kiingereza cha kusomea nacho kianze mwaka huu, kwani mjadala huu mwingi umeandikwa kwa lugha hiyo.