Jiwe Likae Kwenye Kioo: Kupanga Mawe na Mchanga wa Tangi la Maji Chumvi Hapa Dodoma

Ilikuwa saa nane usiku, mwezi wa saba, baridi ya Ilazo imetufungia kwenye mablanketi, nikasikia "ko!" sebuleni. Mlio mmoja tu, mzito. Nilipowasha taa nikakuta maji ya tangi langu la samaki yamekuwa meupe kama tui, na jiwe la juu, la kilo tano hivi, limeegemea kioo cha mbele. Kioo kilikuwa kimemeguka kwa ndani, mahali padogo kuliko ukucha wa mtoto. Hakikupasuka. Nilikaa sakafuni nikakitazama mpaka adhana ya alfajiri, maana lita 200 za maji chumvi zingemwagika pale zingekuta nyaya za umeme nyuma ya tangi, na pale mbele ndipo binti yangu anapochezea mchana.

Kosa nililifanya miezi miwili kabla, siku ya kupanga. Nilimwaga mchanga kwanza, nikapanga mawe juu yake. Ukiyaona hivyo yanavutia, kama yameota pale. Lakini nilikuwa na samaki mdogo mchimbaji, wale wanaobeba mchanga mdomoni kutwa nzima wakitafuta chakula na kujitengenezea shimo la kulala. Alifukua chini ya jiwe la msingi, punje kwa punje, wala sikuona, kwa sababu upande wa mbele mchanga ulikuwa umejaa vilevile.

Kwa hiyo, ukiuliza nikushauri jambo moja tu, ni hili: kioo kikiwa kitupu na kikavu, weka mawe. Mawe yakishakaa imara, ndipo mchanga uyazunguke. Maji ni ya mwisho. Wengi huogopa jiwe kugusa kioo cha chini. Jiwe lililotulia kwa miguu mitatu halikidhuru. Kinachovunja kioo ni jiwe linaloanguka. Ukiwa bado na wasiwasi, tandika kipande chembamba cha plastiki chini ya mawe ya msingi, kisha mchanga utakificha.

Sasa mawe gani? Fundi aliyenichomelea stendi ya chuma aliyaona magunia yangu mawili yakishushwa kwenye bodaboda akashangaa: "Dada, umetoa mawe Dar mpaka huku, na Dodoma yote hii ni mawe?" Nilimwelewa. Ukikaa mji huu unaamka unaona majabali ya matale kila upande, na Mlima Simba umekaa palepale mjini. Nikamwita tukafanya jaribio. Nilidondosha matone ya siki juu ya jiwe la Dodoma, kimya. Nikadondosha juu ya jiwe langu, likatoa povu dogo na mlio mwembamba, kama soda inapofunguliwa. Lile linalotoa povu ni la chokaa, ndiyo asili ya matumbawe. Matale hayayeyuki majini, lakini ni mazito na yamefunga. Bakteria wataishi kwenye ngozi yake tu. Jiwe la matumbawe lina vitundu mpaka ndani, na humo ndimo wanamokaa viumbe wanaosafisha maji yako. Katika tangi la chumvi, jiwe ndilo chujio kuu.

Mimi nilinunua mawe ya matumbawe ya kale, yale yanayochimbwa nchi kavu ukanda wa pwani na watu wa huko wamejengea nyumba tangu zamani. Yalipanda nami kwenye buti la basi kupitia Morogoro na Gairo. Chagua yaliyo mepesi ukilinganisha na ukubwa wake, yenye matundu na mikono. Yaliyo kama tofali yaache. Usiende kung'oa tumbawe hai baharini. Nimekulia Tanga na nimeona miamba iliyopigwa baruti ilivyobaki kifusi. Tumbawe lenye ukubwa wa sufuria limechukua miaka mingi kufika hapo. Matumbawe magumu yote yamo pia katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, na ndani ya hifadhi za bahari kama ile ya Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, sheria haina mzaha.

Kusafisha kulinichukua wiki tatu. Nilisugua kila jiwe kwa brashi ya kufulia, nikaloweka kwenye pipa la maji, nikawa nabadilisha maji kila siku ya tatu mpaka wekundu wa udongo ukaisha. Halafu nikayaanika juani, na jua la hapa linafanya kazi hiyo vizuri kuliko kifaa chochote cha kununua. Ila nakusihi: jiwe lililotoka baharini au kwenye tangi la mtu mwingine usilichemshe kamwe. Kuna viumbe laini jamii ya matumbawe wenye sumu iitwayo palitoksini, na mvuke wa jiwe lenye viumbe hao umewahi kulaza watu hospitali pamoja na familia zao. Loweka, sugua, anika. Inatosha.

Kupanga kwa mara ya pili, nilifanyia barazani. Tangi langu lina urefu wa sentimita 100 na upana wa 40, kwa hiyo nilichora mstatili wa vipimo hivyo kwa chaki kwenye sakafu, kisha ndani yake nikachora mwingine, sentimita 10 kutoka kila ukingo. Mawe hayavuki mstari wa ndani. Hiyo nafasi ni ya mkono wako: utafuta mwani kwenye kioo kila wiki, na mkono usipopita utaacha kufuta. Nilipanga na kupangua siku nne. Binti yangu alikuwa akilala kifudifudi sakafuni na kuchungulia kutoka usawa wa mchanga, ananiambia, "Mama, hapa samaki hapiti." Alikuwa sahihi kila mara. Ukuta wa mawe uliojazana nyuma ya tangi unazuia maji kuzunguka, uchafu unatuama nyuma yake, na hutaufikia. Mimi niliishia na visiwa viwili, kimoja kirefu na kimoja kifupi, katikati pakiwa na njia wazi, kila kimoja kimesimama kama jiko la mafiga: mawe matatu chini, moja pana juu. Usifike juu kabisa. Theluthi ya juu ya maji iache wazi, maana matumbawe utakayoweka nayo yatakua kwenda juu.

Niliporidhika niliyabandika kwa epoksi, gundi ngumu ya akwariamu, nikisaidiwa na supagluu nzito ya jeli ili yashikane wakati epoksi inakauka. Kisha kila kisiwa nikakishika kwa mikono miwili nikakitikisa kwa nguvu. Kikicheza barazani, kitaanguka ndani ya tangi.

Mchanga una hesabu rahisi. Sentimita 100 mara 40 mara kina cha 3 ni lita 12, ambazo kwa mchanga mkavu ni kama kilo 18. Kina cha sentimita 3 mpaka 5 kinamtosha anayeanza. Kuna watu huweka zaidi ya 10 kwa makusudi, lakini hiyo ni kazi ya mwenye uzoefu, kwa sababu huko chini hewa haifiki na ukija kuukoroga unatoa gesi yenye harufu ya mayai viza, nayo ni sumu kwa samaki. Punje ziwe za milimita moja hadi mbili. Unga laini utapeperushwa na pampu kila siku, na kokoto zitakamata mabaki ya chakula.

Mchanga wa korongoni, ule wa ujenzi, niliujaribu kwa sababu ya bei. Niliosha ndoo moja mara ishirini na maji yakawa bado na wekundu. Niliumwaga bustanini nikaagiza wa aragonaiti kutoka Dar, ambao ni wa chokaa kama mawe yenyewe. Huo nao oshea nje kama unavyoosha mchele, koroga na mimina, mpaka maji yatoke meupe kidogo tu. Ukiumwaga tangini, sukuma kwa mkono uingie kila pembe ya jiwe. Halafu weka sahani ya udongo juu ya mchanga na mimina maji polepole juu ya sahani, la sivyo utachimba shimo na kuchafua kila kitu. Ukungu utakaa siku moja au mbili. Acha utulie wenyewe.

Kuhusu maji, tazama birika lako la chai lilivyoota magamba meupe. Maji yetu, mengi yakitoka visima vya Mzakwe, ni magumu, na ya bomba huwa na klorini. Tumia yaliyopita kwenye mashine ya kuchuja. Chumvi ni ile maalumu ya akwariamu, gramu 35 hivi kwa lita. Ya jikoni haina kalsiamu wala magnesiamu ya kutosha kulisha tumbawe. Pima uzito wa maji ukilinganisha na maji yasiyo na chumvi, ufike 1.025, joto nyuzi 25 hadi 26. Kwa baridi ya Juni na Julai hita ni lazima.

Baada ya hapo usiweke samaki. Mimi niliweka kipande kibichi cha kamba wa baharini, cha ukubwa wa kidole gumba, kioze. Kinatoa amonia, sumu kwa samaki; bakteria wa kwanza wanaigeuza nitriti, nayo bado sumu, wa pili wanaigeuza nitrati, isiyo kali hivyo, na wote hao wanahamia kwenye mawe yako. Huchukua wiki nne hadi sita, na mawe makavu huchelewa zaidi. Amonia na nitriti zikisoma sifuri siku kadhaa mfululizo, ndipo ulete samaki mmoja, mdogo. Katikati ya kungoja utaona utando wa kahawia umefunika mchanga mzuri uliouhangaikia. Usiubomoe. Kwangu uliondoka wenyewe, na konokono wachache wakamalizia.

Jambo la mwisho linahusu upepo wetu mkavu. Kuanzia Juni tangi langu hupungua kama lita tatu kwa siku, na kinachopaa ni maji, chumvi inabaki. Kwa hiyo bandika utepe kwenye kioo pale usawa wa maji ulipo siku ya kwanza, na kila jioni ongeza maji baridi yasiyo na chumvi mpaka kwenye utepe. Ukijaza ya chumvi, ndani ya wiki mbili utakuwa na maji makali kuliko bahari yenyewe.