Mkianzisha kikundi cha kusokota uzi, acheni mashine kwanza

Watu wakisikia kuna akina mama wanasokota pamba hapa Kasese, magharibi mwa Uganda, huuliza mashine zimetoka wapi na nani mfadhili. Ushauri wangu: liacheni swali hilo mpaka mikono iijue kazi. Gurudumu la kusokotea ni ghali, tena hutumiwa na mmoja wengine wakitazama. Kijiti kilichonyooka chenye kisahani cha mbao karibu na ncha ya chini, kila mtu atakuwa na chake.

Pamba nunueni kwa mkulima, ikiwa bado na mbegu. Atashangaa mtu kutaka kilo mbili tu. Pamba inalimwa Uganda kwa biashara tangu 1903, na Jinja ikapata kiwanda cha nguo mwaka 1954, lakini hadi leo sehemu kubwa huuzwa nje kabla haijawa uzi. Ile ya duka la dawa iacheni, humkatisha tamaa anayeanza. Kutoa mbegu kwa mkono kunachosha, ila hapo ndipo gumzo linapokolea, na mgeni hupata kazi asiyoweza kuiharibu.

Sasa kusokota kwenyewe. Nyuzi za pamba ni fupi, sentimita mbili na kitu, tatu ikiwa nzuri. Ukikining'iniza kijiti hewani kama wanavyofanya wasokota sufu, uzito wake utaukata uzi. Keti mkekani, ncha ya kijiti izunguke ndani ya kipande cha kibuyu. Mkono mmoja unazungusha, mwingine unavuta pamba ukirudi nyuma bila haraka. Uzi ukiachana polepole ukiuvuta, ongeza msokoto. Pamba hutaka msokoto mwingi, na wanaoanza karibu wote huuonea huruma.

Mambo ya akiba na mikopo yapangieni siku nyingine. Daftari la pesa likifunguliwa, vijiti vinawekwa chini na havishikwi tena siku hiyo.

Kabla ya kutia rangi, chemsheni uzi kwa sabuni na magadi ili nta ya pamba itoke, la sivyo rangi haitaingia. Kisha uloweni katika chai kali isiyo na maziwa au maji ya majani ya mkaratusi, ndipo shabu, ile chumvi ya kushikisha rangi, ifuate. Maganda ya vitunguu hutoa rangi nzuri. Bizari ya manjano inavutia siku ya kwanza, lakini jua huifuta upesi. Mimi siwezi kumuuzia mtu.

Na msikimbilie shuka. Kwa bei hamtawashinda wauza mitumba. Anzeni na mikanda na vifuko, vitu ambavyo mnunuzi anavishika na kuuona uzi wenyewe. Uzi wa mtande, ule unaotandwa kwanza na kukazwa, upindanisheni nyuzi mbili pamoja. Wa mshindio, unaopitishwa katikati ya mtande, unaweza kubaki mmoja, maana hauvutwi sana.