Magauni ya kitenge Uingereza: biashara yenye nia njema bado ni biashara

SWALI: Mhasibu, naishi Leicester na nina kibali cha kudumu. Kikundi cha wajane Tanga kinanishonea magauni ya kitenge niyauze huku, faida isomeshe watoto wao. Nimeambiwa nikijisajili kama shirika la hisani sitalipa kodi wala ushuru wa mzigo. Nianzie wapi?

JIBU: Dada yangu, anza kwa kuachana na huyo aliyekwambia hivyo. Swali hili halikauki mezani kwangu, na karibu kila anayeliuliza ameshapotoshwa na mtu wa aina hiyo.

Sheria inatazama unachofanya. Unanunua, unauza, unapata faida: hiyo ni biashara, hata kama senti ya mwisho inaishia kwenye ada za shule Tanga. Anayenunua gauni amenunua gauni, hajatoa sadaka, kwa hiyo hata Gift Aid, mpango wa serikali wa kuliongezea shirika la hisani kodi iliyolipwa na mtoa mchango, haihusiki. Hisani nayo ina masharti yake: wadhamini kwa kawaida hawajilipi, na biashara iliyo nje ya lengo la shirika imewekewa mipaka. Kama nawe unataka riziki humo, si njia yako.

Mauzo yako, narudia, mauzo na si faida, yakivuka pauni 1,000 kwa mwaka wa kodi, jisajili HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, kama mfanyabiashara binafsi. Kisha wajane walipe ujira mzuri kwa kila gauni, na utunze kumbukumbu za malipo. Ujira ni gharama ya biashara. Unatolewa kabla ya kodi kupigwa. Pesa ileile ukiituma baadaye kikundini kama msaada, kodi yake umeshailipa na hairudi. Watu wengi hawaupendi ushauri huu kwa sababu kumlipa fundi hakuonekani kama wema. Lakini mjane aliyelipwa vizuri Machi hasubiri hesabu zako za mwisho wa mwaka ndipo anunue sare za shule.

Sasa lebo. Ukiandika kwamba pauni 5 za gauni zinakwenda kwa kikundi, sheria ya hisani ya 1992 ya England na Wales inakutaka uwe na mkataba wa maandishi nao na utaje kiasi waziwazi. "Sehemu ya faida" haitoshi. Na piga hesabu kabla ya kuahidi: tuseme gauni ni pauni 60. Toa kitambaa, ujira, usafiri, VAT ya forodhani, ada ya duka la mtandaoni, uone kama hata 15 zinabaki. Aliyeahidi nusu ya mauzo ameahidi pesa asiyokuwa nayo. Lebo ya ndani nayo lazima itaje nyuzi, mfano "pamba 100%".

Mzigo wenyewe una habari njema. Nguo nyingi hutozwa ushuru wa 12%, lakini chini ya DCTS, mpango wa Uingereza wa kuzipunguzia ushuru nchi zinazoendelea ulioanza Juni 2023, gauni lililoshonwa Tanzania linaweza kuingia bila ushuru hata kama kitenge chake kilitoka China, mradi una uthibitisho wa asili. Kitenge cha China ambacho hakijashonwa, kilichopita tu Kariakoo, hakina nafasi hiyo. VAT ya 20% inabaki palepale.

Na hapa ndipo vishoka wanapowamaliza watu. Wanasema, "Andika zawadi kwenye kifurushi." Zawadi hutoka kwa mtu kwenda kwa mtu, si bidhaa ya kuuza, na hata zawadi ya kweli ikizidi pauni 39 inalipiwa VAT. Magauni 20 ya saizi tofauti hayamdanganyi afisa wa forodha. Wengine wanauza "kifurushi cha usajili wa hisani" kwa mamia ya pauni, wakati Charity Commission, tume inayosajili mashirika ya hisani, haitozi ada ya usajili, na HMRC vilevile.

Wewe kibali chako ni cha kudumu, uko salama. Wanaoniumiza ni vijana wanaosikia maneno hayohayo wakiwa na viza ya mwanafunzi. Viza hiyo inakataza kujiajiri, na kuuza nguo Instagram ni kujiajiri, hata pesa yote ikienda kwa yatima. Mwenye viza hiyo asiuze hata gauni moja.