24 inaingia mara ngapi? Kumfundisha mtoto kugawanya kwa namba ya tarakimu mbili

Jumapili moja kaka yangu alinijia na binti yake wa darasa la tano, daftari la hesabu kalibana kwapani. "Dada, huyu nimemshindwa. Nikimwelekeza analia, nikimwacha analia." Mtoto akaniamkia, nikamwitikia, nikafungua daftari.

Swali lilikuwa 1,536 gawanya kwa 24. Juu ya mstari aliandika 7, akafuta. Akaandika 8, akafuta. Kisha 5, akafuta tena, mpaka karatasi ikatoboka na tundu likahamia ukurasa wa pili. Nikamuuliza amekwama wapi. Akasema, "Shangazi, kama sijui inaingia mara ngapi, naanzia wapi?"

Nimefundisha hisabati darasa la tano na la sita kwa miaka 14, na nakiri kwamba miaka mingi ya mwanzo swali hilo sikulijibu. Nilikuwa nawaimbisha: gawanya, zidisha, toa, shusha. Darasa zima linaitikia hadi mwalimu wa jirani anafunga dirisha. Ukiwapa namba ya kugawanyia yenye tarakimu moja, wanakwenda vizuri. Ukiwapa 24, kimya.

Kuna mwaka nilisahihisha daftari la kijana mmoja wa dawati la nyuma, nikakuta kila baada ya kuzidisha anajumlisha badala ya kutoa. Majibu yake yalikuwa yanafura kama maandazi. Nikamwita. Akanieleza bila wasiwasi: "Mwalimu, si ni MAGAZIJUTO? Gawanya, zidisha, jumlisha, toa." Mimi mwenyewe ndiye niliyewafundisha MAGAZIJUTO, ile kanuni ya mpangilio wa matendo, wiki mbili kabla, kwa ajili ya mafumbo yenye mabano. Mtoto alikuwa na nyimbo mbili kichwani, zote zinaanza na gawanya na zidisha, akachukua iliyokuwa karibu. Toka siku hiyo nikaacha kuutegemea wimbo. Wimbo unamkumbusha anayeelewa. Asiyeelewa anaimba tu.

Sasa turudi kwenye swali la binti yetu. Mtoto anapogawanya kwa 6, anazo za 6 kichwani: sita, kumi na mbili, kumi na nane. Anatafuta ndani ya kile alichokariri. Anapogawanya kwa 24, hakuna alichokariri. Sisi watu wazima tunamwambia "gawanya" kana kwamba ni hatua moja, wakati hapo ndani mna kazi nzima ya kukadiria ambayo hatujamfundisha. Naye anafanya anachoweza, anabahatisha. Akikosa mara tatu anajiona mjinga, na kufikia hapo mengine yote unayomwambia hayaingii.

Kwa hiyo mimi siku hizi siku ya kwanza sigawanyi kabisa. Tunajenga stoo.

Jina hilo walilitoa wanafunzi wenyewe. Pembeni mwa ukurasa, upande wa kulia, piga mstari wa kusimama. Huko pembeni mtoto aandike za 24 kabla hajagusa swali. Asizihesabu moja moja, maana atachoka na atakosea njiani. Aanze na kuongeza maradufu: 1 ni 24, 2 ni 48, 4 ni 96, 8 ni 192. Kila mstari ni ule wa juu yake ukijumlishwa na wenyewe. Halafu 10, ambayo ni 24 ikiongezewa sifuri, 240. Nusu ya hiyo ni 5, yaani 120. Zilizobaki zinapatikana kwa kuunganisha: 3 ni 24 na 48, inakuja 72. 6 ni 48 na 96, inakuja 144. 7 ni ya 3 na ya 4 pamoja, 168. 9 ni 192 na 24, 216. Mtoto wa darasa la tano akizoea, anaimaliza stoo yake kabla hujamaliza kuchonga penseli.

Nawapenda kwa hili Wamisri wa kale. Wao waligawanya hivi hivi, kwa kuongeza maradufu na kuchagua mistari inayohitajika, na ushahidi upo kwenye hati ya mafunjo iliyonakiliwa takriban mwaka 1550 kabla ya Kristo. Wanafunzi wangu huifurahia sana habari hiyo, hasa wale waliokuwa wanaona stoo ni ya wasiojua hesabu.

Stoo ikishakamilika, rudi kwenye swali. 24 kwenye 15 haiingii. Kwenye 153? Mtoto anaangalia stoo: 144 inatosha, 168 imezidi. Basi ni 6. Anaandika 6 juu ya 3, sawasawa juu yake, si pembeni kidogo. 153 toa 144, inabaki 9. Anashusha 6, inakuwa 96. Stoo inasema 96 ni ya 4. Jibu 64, hakuna baki. Binti yetu alipofika hapo alinitazama kama mtu aliyeibiwa. "Ndiyo hivyo tu?"

Ndiyo hivyo tu, ila usiishie hapo, kwa sababu hatabeba stoo maisha yake yote. Baada ya wiki mbili hivi, anapokuwa hana hofu tena, nawafundisha kidole.

Funika kwa kidole tarakimu ya mwisho ya 24, unaona 2. Funika tarakimu ya mwisho ya 153, unaona 15. Sasa 2 kwenye 15 inaingia mara ngapi? Saba. Saba hiyo ni makadirio, haijawa jibu. Ijaribu kando kwa penseli: 24 mara 7 ni 168. Imezidi 153. Shuka moja, 6. Hapa ndipo mwalimu au mzazi anapotakiwa kuwa na uvumilivu, maana mtoto akishaona 7 imekataa anadhani amekosea. Hajakosea. Mwambie hivyo kwa maneno, tena kwa sauti. Kukadiria, kujaribu na kushuka ndiyo hesabu yenyewe. Mimi hutoa maksi ya jaribio la pembeni hata kama namba ya kwanza haikukaa.

Kidole kina tatizo lake: namba kama 17, 18 na 19. Ukifunika 7 kwenye 17 unabaki na 1, na makadirio yanaruka mbali sana. Hizo zichukulie kama 20. Chukua 884 gawanya kwa 17. Tunatazama 88. 20 kwenye 88 inaingia mara 4. Jaribu: 17 mara 4 ni 68. 88 toa 68 inabaki 20. Simama hapo! Ishirini ni kubwa kuliko 17, maana yake kuna 17 nyingine bado imo humo ndani. Panda moja, 5. 17 mara 5 ni 85, inabaki 3, shusha 4, ni 34, inaingia mara 2. Jibu 52.

Alama za kuangalia ni mbili tu, na wanangu wa darasani wanazijua kuliko wimbo wowote. Ulichozidisha kikiwa kikubwa kuliko ulichonacho, shuka. Kilichobaki kikiwa sawa na namba ya kugawanyia au kikiizidi, panda. Mtoto mwenye alama hizo mbili anaweza kuanza na kadirio bovu na bado akafika.

Walimu wenzangu wengine hunibishia kwamba stoo inakula muda, na mtihani una dakika zake. Nimewahi kukaa nyuma ya darasa na saa ya mkononi. Mtoto wa stoo anachelewa kuanza. Mtoto wa kubahatisha anaanza mapema na bado anafuta wakati mwenzake yuko swali la tatu.

Kabla ya yote hayo, hakikisha kutoa kunakwenda. Watoto wengi wanaoitwa hawajui kugawanya, tatizo lao ni kutoa kwa kukopa. Mpe 203 toa 168 peke yake. Akikosa, acha kugawanya kwanza, rudini nyuma siku mbili tatu. Si aibu.

Halafu sifuri. Ningeweza kuandika makala nzima juu ya sifuri. Swali hili nalitoa kila mwaka: mfugaji ana mayai 6,150, anayapanga kwenye trei za mayai 30, atapata trei ngapi? Nusu ya darasa inaniletea 25. Wanavyofika huko najua: 30 kwenye 61 inaingia mara 2, inabaki 1, anashusha 5 anapata 15. 30 kwenye 15 haiingii, basi anashusha na 0 ya mwisho, anapata 150, anaandika 5. Hesabu zote ziko sawa, ila alipaswa kuandika 0 juu ya ile 5 kabla ya kushusha tena. Jibu ni 205.

Nikiwaambia "umesahau sifuri" wanaandika sifuri leo, kesho wanasahau. Kinachokaa ni kuwarudisha kwenye mayai. "Trei 25, kila moja mayai 30. Ni mayai mangapi?" Wanazidisha: 750. "Mfugaji alikuwa na 6,150. Mayai mengine ameyala nani?" Darasa linacheka, na yule aliyeandika 25 anaanza mwenyewe kutafuta yalikopotelea. Kanuni ninayowapa baada ya hapo ni moja: kila ukishusha tarakimu, lazima juu kuandikwe kitu. Ikiingia andika mara ngapi, isipoingia andika 0.

Kwa hilo, daftari lenye miraba ni dawa. Kila tarakimu na chumba chake. Chumba kikibaki kitupu juu, mtoto anakiona. Kama mlilo nalo ni daftari la mistari ya kawaida, ligeuze lilale ubavu. Mistari inakuwa imesimama, unapata safu za mamoja, makumi, mamia na maelfu bila kununua kitu. Nimeona mwandiko wa hesabu ukinyooka kwa ujanja huo peke yake.

Wapo watoto ambao hata stoo haiwashiki. Hao nawaondoa kwenye njia ndefu kwa muda, tunagawanya kwa mafungu kama nyanya za sokoni. Tuseme una chupa za soda 1,536 na kreti moja lina chupa 24. Jaza kreti unazoziweza kwa urahisi. Kreti 50 zinakula chupa 1,200, zinabaki 336. Kreti 10 nyingine ni chupa 240, zinabaki 96. Kreti 4, zimekwisha. 50 na 10 na 4 ni 64. Mwingine ataanza na kreti 10, halafu 10, halafu 10, atajaza ukurasa. Mwache. Akichoka atajiuliza mwenyewe kwa nini asingechukua 50 kwa mpigo, na siku hiyo ndiyo anaelewa ile 6 inayoandikwa juu ya makumi kwamba ni 60, si 6.

Na baki nayo isiachwe hewani. Wanafunzi 500 wanakwenda ziara, basi moja lina viti 65, yanahitajika mabasi mangapi? "Mwalimu, 7 baki 45." Hao 45 tutawaacha getini? Ni mabasi 8. Lakini ukiwa na chupa 100 na unataka kreti zilizojaa, ni kreti 4, zile chupa 4 zilizobaki hazihesabiki kreti. Namba zinaweza kuwa sahihi na jibu likawa baya.

Kuhakiki, sisitiza kuzidisha kurudi nyuma: jibu mara namba ya kugawanyia, jumlisha baki. Simu ina kikokotoo, ndiyo, ila kikokotoo kitamwambia amekosa bila kumwonyesha wapi.

Maswali matano kwa jioni yanatosha. Niliwahi kutoa 30 kama adhabu kwa darasa lililopiga kelele, nikasahihisha makosa yaleyale mara 30 kwa kila mtoto. Adhabu ilikuwa yangu.

Binti wa kaka yangu alikuja Jumapili tatu mfululizo. Ya tatu hakuleta maswali ya shule. Aliandika swali lake, akanisukumia daftari na penseli: 4,130 gawanya kwa 19. Nikaifanya 19 kuwa 20 kichwani: 41, mara 2, inabaki 3. 33, mara 1, inabaki 14. 140, mara 7, inabaki 7. Nikaandika 217 baki 7, nikamrudishia kwa maringo. Akazidisha kuhakiki, akajumlisha baki, akatikisa kichwa kwamba ni sawa. Kisha akatazama upande wa kulia wa ukurasa, ulikuwa mweupe.

"Shangazi, stoo yako iko wapi?"

Akanikata maksi moja.