Kukaa bila makaratasi: dhambi iko wapi?

Barua za mwezi huu zimetoka kwa ndugu zetu walioko Marekani. Wanaojibu ni mchungaji na mwanasheria wa uhamiaji wa safu hii.

Bwana Yesu asifiwe. Niliingia 2018 kwa viza ya matembezi, nikapewa miezi sita, sikurudi. Nafanya usafi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Kila ikifika Meza ya Bwana nabaki kwenye benchi kwa sababu ya Warumi 13, inayotuamuru kuitii serikali. Sasa shoga yangu amenitafutia raia wa kunioa kwa makaratasi tu, halafu tuachane. Anataka dola elfu kumi. Nifanyeje? — Dada, Minneapolis

Amina, dada. Umefunga mizigo miwili kwenye kanga moja, tuifungue.

Kupitisha muda wa viza, kwa sheria ya Marekani, ni kosa la kiraia. Unaweza kuondolewa nchini, lakini kukaa tu si jinai. Aliyevuka mpaka kwa kificho ndiye mwenye kosa la jinai, na kwa mara ya kwanza kifungo chake hakizidi miezi sita. Hatusemi huna kosa. Warumi 13 haifutiki, ila isome mpaka aya ya 7, "mtu wa kodi, kodi", na ya 8, "Msiwiwe na mtu cho chote, isipokuwa kupendana." Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2241, inazitaja pande zote mbili mahali pamoja: nchi zenye uwezo zina wajibu wa kumpokea mgeni kadiri ziwezavyo, serikali ina haki ya kuweka masharti, na mgeni anapaswa kutii sheria za alikofikia. Anayekurushia sehemu moja tu ya maneno hayo anakuonea. Keti na mchungaji wako, umweleze yote. Kujitenga na Meza miaka yote hii hakujarekebisha chochote.

Ndoa ya makaratasi ni jambo jingine kabisa. Hapo utaapa mbele ya afisa kwamba ni kweli kitu unachojua si kweli. "Usimshuhudie jirani yako uongo," Kutoka 20:16. Wengine huihesabu amri ya nane, wengine ya tisa. Uongo ni ule ule. Kwa Wakatoliki, kanuni ya 1101 ya sheria za Kanisa inasema anayetamka "ndiyo" huku kwa makusudi akiikataa ndoa yenyewe, hajafunga ndoa.

Serikali nayo ni kali: kifungo hadi miaka mitano, faini hadi dola 250,000, na kifungu cha 204(c) cha sheria ya uhamiaji. Hicho ndicho watu hawaambiwi na madalali. Ukishabainika umefunga ndoa ya hila, hakuna mwenzi atakayekuombea ukaazi tena maishani, hata ukija kuolewa kwa dhati na kuzaa watoto. Maafisa wakishashuku wanaweza kuwahoji kila mmoja peke yake: nani analala upande wa ukutani, jana usiku mlikula nini, bili ya umeme inakuja kwa jina la nani. Mume akisema wali, mke akasema ugali, mmekwisha.

Sheria hiyo hiyo, lakini, huachilia kupitisha muda na kufanya kazi bila kibali kwa aliyeingia kwa viza, akakaguliwa mpakani, kisha akaolewa kweli na raia. Fomu I-130 (mwenzi anakuombea) na I-485 (wewe unaomba ukaazi) huweza kupelekwa pamoja, na utahitaji ushahidi wa kuingia kihalali, yaani rekodi ya I-94 au muhuri wa pasipoti. Itafute leo uitunze. Isichoachilia kirahisi ni uongo. Kujitaja raia kwenye fomu ya kazi ya I-9 kunaweza kukufungia mlango wa ukaazi moja kwa moja. "Kujilipua", mtu wa Tandika akajifanya mkimbizi wa Kivu, kukibainika ni ombi la hila humnyima nafuu ya uhamiaji daima.

Kazini natumia jina la binamu yangu na namba yake ya Soshal Sekyuriti, ile ya hifadhi ya jamii. Fungu langu la kumi linakubalika? — Kaka, Houston

Jasho lako ni halali, kaka. Jina ndilo si lako, na kulitumia ni jinai hata kama binamu amekubali. Kila mwaka fomu ya mshahara, W-2, hutoka kwa jina lake, mamlaka ya kodi inaona ana mapato mawili, inamdai. Kama anapata ruzuku ya kodi ya nyumba au bima ya afya ya Medicaid, anaweza kuonekana amezidi kipato na kuipoteza. Rejesha kwanza alichopoteza, ndipo uulize habari ya zaka.

Kodi unaweza kulipa kwa jina lako: fomu W-7 na pasipoti, pamoja na fomu ya kodi ya 1040, upewe namba ya mlipa kodi, ITIN, ile inayoanza na 9. Si kibali cha kazi. Tangu 2025 kuna mvutano mahakamani kuhusu mamlaka ya kodi kuipa idara ya uhamiaji taarifa za watu, kwa hiyo mwone wakili kabla ya kutuma. Na bosi akikunyima mshahara kwa kuwa huna makaratasi, sheria ya kima cha chini inakulinda wewe pia. Yakobo 5:4, juu ya ujira wa vibarua uliozuiwa, inamhusu yeye.

Familia kutoka Goma imenyimwa hifadhi. Tuwalaze ukumbini? — Mzee wa kanisa, Ohio

Chakula, sala na kuwapeleka hospitali, endeleeni. Kinachokatazwa ni kumficha mtu huku ukijua hana ruhusa. Siku za rufaa ni chache, hivyo tafuteni wakili kabla ya magodoro. Mwongozo uliowazuia maafisa kuingia makanisani uliondolewa Januari 2025. Ibada iliyo wazi kwa wote, nao wanaweza kuingia. Ofisi iliyofungwa ni tofauti: ombeni hati iliyosainiwa na jaji wa mahakama. Hati za I-200 (ya kukamata) na I-205 (ya kuondoa nchini) husainiwa na maafisa wa uhamiaji wenyewe, hazifungui mlango huo. Wekeni mtu mmoja mtulivu wa kusoma karatasi, na asidanganye hata neno moja.

Mama amefariki Moshi. Nimekaa miaka sita bila ruhusa. Niende kumzika? — Msomaji, Maryland

Pole sana, ndugu. Mtu mzima aliyekaa mwaka mmoja au zaidi bila ruhusa, akitoka, huzuiwa kurudi Marekani miaka kumi. Kati ya siku 180 na mwaka, miaka mitatu. Kinachoamsha adhabu ni kule kutoka. Kama una I-485 inayosubiri, omba ruhusa ya safari ya dharura kwa fomu I-131 na usikanyage uwanja wa ndege kabla ya kuipata. Kama huna, uamuzi ni wako na familia yako. Waambie ndugu wa Moshi ukweli wa hiyo miaka kumi kabla hawajakusema kwamba umemsusa mama.