Uliza Fundi: Datsun inagoma Kibaigwa

SWALI: Shikamoo Fundi. Nina Datsun 240Z ya mwaka 1972, kabureta mbili, niliyoachiwa na baba mkubwa. Asubuhi inawaka mara moja. Shida inaanza injini ikishapata moto. Juzi natoka Morogoro nikasimama Kibaigwa, nikazima, nikala. Baada ya kama dakika 20 narudi, stata inazunguka kwa nguvu lakini injini haishiki. Nikavuta choki, nikapampu mafuta mpaka mguu ukauma, wapi. Vijana wa stendi wakasukuma, wapi. Harufu ya petroli ilijaa mpaka ndani. Nikakaa chini ya mti saa nzima, kisha ikawaka kama vile hakuna kilichotokea. Geji ya joto haijawahi kupita katikati. Mafundi wawili wameshabadilisha koili, plagi na pampu ya mafuta. Wa tatu anasema injini imechoka. Nifanyeje?
Mwenye Datsun, Ipagala, Dodoma

JIBU: Marahaba mwanangu, na mbukwa. Huyo wa tatu muache kwanza. Injini iliyochoka ingekusumbua hata asubuhi, na kile kilima cha Gairo kingeshakwambia.

Hao wawili wa mwanzo nina swali nao: walilikuta gari likiwa limegoma? Najua jibu. Ulilipeleka gereji kesho yake, limepoa, linawaka, wakabadilisha walichokuwa nacho dukani. Siwacheki, maana hata mimi nilishafanya hivyo. Mwaka 2009 mzee mmoja wa mtaa wa Kikuyu hapa Dodoma aliniletea gari lenye ugonjwa kama wa kwako. Nikamuuzia koili. Nikamuuzia kondensa. Nikamuuzia pampu. Kila mara anaondoka limewaka, na kila mara jua la saa nane linamrudisha kwangu juu ya bodaboda. Safari ya nne nikapanda naye mpaka Bahi na kurudi, tukazima mlangoni pa gereji, tukasubiri robo saa ndipo nikafungua boneti. Nikatega sikio kwenye kabureta. Zilikuwa zinatokota, sauti ndogo ya birika la chai lililokaribia kuchemka. Pesa ya siku hiyo sikumdai.

Sasa angalia injini yako ilivyo. Ni ile L24 ya silinda sita, na kwenye kichwa chake kabureta na eksozi ziko upande mmoja, kabureta juu, eksozi chini yake. Ukiwa barabarani upepo unapita na petroli mpya inaingia muda wote, kwa hiyo huoni kitu. Ukizima, feni imesimama, maji hayazunguki tena, na joto la chuma chote lile linapanda juu. Kwa dakika 15 au 20 za mwanzo kabureta zinapata moto kuliko zilivyokuwa safarini. Petroli nayo si kama maji yenye kiwango kimoja cha kuchemka; sehemu yake nyepesi inaanza kuwa mvuke kwenye nyuzi 35 au 40 hivi. Ongeza na urefu wa huku kwetu: Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, maji yenyewe yanachemka karibu nyuzi 96.

Ndiyo maana kuna wanaosema Datsun hii haiwezi joto. Gari hilohilo lilishinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1971, likashinda tena 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta. Ila gari la mashindano halisimami Kibaigwa kula kuku.

Petroli ikichemka ndani ya mpira kabla haijafika kwenye kabureta, pampu inasukuma mvuke na mabakuli, yale ya kabureta yanayotunza petroli, yanakauka. Ikichemka ndani ya bakuli lenyewe, inafurika kupitia jeti, kile kitundu cha kutolea petroli, inateremka kwenye manifoldi, yaani mabomba ya kuingiza hewa na petroli kwenye silinda, plagi zinalowa. Huyu ana kiu, yule amezama, na stata inazunguka vilevile kwa wote wawili. Wewe ulipovuta choki ulimwongezea maji aliyezama. Huko kupampu kulikuwa mazoezi ya mguu tu: kabureta za aina hii hazina kipampu ndani, ukikanyaga unafungua njia ya hewa.

Kwa harufu uliyoisikia na saa nzima uliyokaa chini ya mti, nabashiri mafuriko. Lakini usinunue kitu kwa ubashiri wangu. Jumamosi mchana chukua spana ya plagi, plagi moja ya akiba, tambara, chupa ya maji na mtu wa kukupigia stata. Nenda Ihumwa urudi, zima, subiri dakika zako 20. Likigoma, umelikamata.

Anza na moto, yaani cheche ya plagi. Vua waya mmoja wa plagi, uvalishe ile plagi ya akiba, iegemeze kwenye chuma cha injini upande wa distribyuta, kile kifaa cha kugawa moto kwenye waya za plagi. Si upande wa kabureta, tafadhali, kule kuna mvuke wa petroli na wewe bado kijana. Mwenzako apige stata. Ikichoma bluu na kwa nguvu, koili na kondensa waache. Ikiwa hafifu au haichomi kabisa, funika koili kwa tambara bichi dakika chache ujaribu tena. Moto ukirudi, mgonjwa ni koili, hata kama ni mpya. Hapo uliza kama fundi aliirudisha ile rezista ya kauri. Koili iliyotengenezwa kufanya kazi na rezista, ukiipa volti 12 moja kwa moja, inajikaanga.

Moto ukiwa mzuri, fungua plagi moja ya injini uitazame. Imelowa? Irudishe, kanyaga mafuta mpaka chini ukae hapohapo, choki usiiguse, piga stata. Itakohoa, itatoa moshi mweusi, itashika. Kazi ya gereji hapo ni usawa wa floti, lile boya ndani ya bakuli, sindano yake inayofunga petroli, na kile kizuizi cha joto kati ya kabureta na manifoldi. Chungulia pia kama bati la kukinga joto la eksozi bado lipo. Mafundi wengi wakishalifungua hawalirudishi, wanasema linapiga kelele.

Plagi ikiwa kavu, tambara bichi lipeleke kwenye pampu na paipu ya mafuta. Likiwaka, ni mvuke. Kabla ya lolote fuata ule mpira mwembamba unaorudisha petroli kwenye tenki. Wenyewe ndio unaoondoa mvuke. Nilishakuta mmoja umezibwa kwa boliti na kufungwa waya, eti ulikuwa unapoteza mafuta.

Kwa sasa, ukisimama acha injini iungurume polepole dakika mbili kabla ya kuzima, kisha fungua boneti, watu wacheke wakitaka. Nissan, wenye Datsun wenyewe, baadaye kwenye 280ZX, yenye nozeli za kunyunyiza petroli badala ya kabureta, waliweka feni ndogo ya kuzipuliza nozeli hizo gari likiwa limeshazimwa.

SWALI: Fundi, Honda Prelude yangu ya 1994 nikiiacha juani Mtumba asubuhi, saa nane haiwaki, inazunguka tu. Jioni inawaka. Haijatembea popote, joto la injini linatoka wapi?
Mama Neema, Area D

JIBU: Halitoki kwenye injini, mama, linatoka ndani ya kibanda cha gari. Chini ya dashibodi kuna relei kuu, swichi inayojiwasha kwa umeme, inayopeleka umeme kwenye pampu ya mafuta. Ina zaidi ya miaka 30, usiilaumu Honda. Risasi ya kuchomelea iliyoshika miguu yake inapasuka polepole, na joto likiingia ufa unaachana. Ikigoma, fungua madirisha, washa funguo bila kupiga stata, utege sikio nyuma. Pampu inatakiwa kuvuma kama sekunde mbili. Ikivuma, tatizo liko kwingine, na mimi ningeanza na distribyuta. Ikiwa kimya, chomoa hiyo relei uipeleke kwa fundi redio, si kwa fundi magari. Mwambie apitishe kioo cha kukuzia kwenye kila mguu kabla ya kuchomelea: ufa wenyewe ni kiduara chembamba kama unywele, kwa macho matupu unapita bila kuuona.